Mhandisi Nesta Jonasi Nzowa, Aliyehojiwa Akitazama Dirishani

Ndugu waombolezaji, wachungaji, wazee wa ukoo wa Mbonile na wa ukoo wa Nzowa, wahandisi mliotoka Mbeya na Dar es Salaam, na majirani wa Tunduma mliopanda milima hii tangu alfajiri, familia inawashukuru kwa kufika hapa Mbebe, na inaomba mtuvumilie kidogo, kwa sababu marehemu aliishi miaka hamsini na miwili tu lakini hakuiishi kwa ufupi, na alituachia agizo kwamba historia yake isomwe jinsi ilivyokuwa, bila kuongezewa sukari.

Marehemu Nesta Jonasi Nzowa alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 katika kijiji cha Hasamba, wilaya ya Mbozi, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa marehemu mzee Jonasi Nzowa, mkulima wa kahawa, na marehemu mama Loisi. Tungeweza kusema kwamba tangu utotoni alikuwa akijenga madaraja ya udongo, kama wengi wanavyopenda kusema siku kama ya leo, lakini hakuna anayekumbuka jambo hilo, tunachokumbuka ni kwamba hakupenda kuchuma kahawa kwenye umande, na kwamba alipoambiwa shamba ni ekari mbili aliuliza ni nani aliyelipima.

Alisoma Shule ya Msingi Hasamba kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akachaguliwa kwenda Sekondari ya Wasichana Loleza, Mbeya, mwaka 1977 hadi 1980, kisha kidato cha tano na cha sita huko Morogoro, akamaliza mwaka 1983, akaenda Jeshi la Kujenga Taifa mwaka mmoja kama wenzake wote, na mwaka 1984 akaingia chuo kikuu, Dar es Salaam, akasomea uhandisi ujenzi, akahitimu mwaka 1988. Darasani wasichana hawakufika watano. Mzee Jonasi, alipoulizwa na jirani binti yake anasomea nini miaka yote hiyo, alijibu, "Anasomea barabara," jirani akasema, "Barabara nayo inasomewa? Si inalimwa tu?" na mzee akamwandikia binti barua ili aletewe jibu, na jibu likaja kurasa nne zenye michoro.

Tarehe 1 Septemba 1988 marehemu aliajiriwa serikalini mjini Mbeya, akafanya kazi ya kupima na kukagua barabara za vijijini hadi tarehe 30 Juni 1994, wakati wa punguzo la wafanyakazi ambalo wengi mliopo hapa mnalikumbuka kwa sababu liliwapitia pia. Hakukaa nyumbani muda mrefu, Januari 1995 alipata kazi katika kampuni binafsi ya ukandarasi iliyokuwa Tunduma, mji uliokuwa unakua haraka kwa biashara ya mpakani, na humo alikaa miaka kumi na tisa, mpaka wafanyabiashara wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wakazoea kumwita bamayo, yaani mama, na vijana wa kituo cha malori wakamwita Mama Injinia hata kabla chama chochote hakijamwita hivyo.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa tarehe 22 Desemba 1990 hapa hapa Mbebe na Mwalimu Ipyana Mbonile, mtoto wa marehemu mzee Aliko Mbonile na mama Enesi, ambaye ameketi hapa mbele, na Mungu akawajalia watoto watatu, Tumaini mwaka 1991, Yudita mwaka 1994 na Wilbard mwaka 1998. Hapa inabidi tueleze jambo moja ambalo wenyeji wa Ileje wanalijua na wageni wetu huenda hawalijui, kwa sababu bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Katika ukoo wa Mbonile, mke wa kijana hamtazami baba mkwe usoni, hatamki jina lake, hampi kitu mkononi, hakai naye chumba kimoja, na akikutana naye njiani yeye ndiye anayetoka njiani na kugeuka mpaka mzee apite, na baba mkwe si yule mmoja aliyemzaa mume, ni yeye na ndugu zake wote wa kiume. Siku hizi desturi hiyo imelegea, lakini mwaka 1990 ilikuwa imekaza, na siku ya tatu baada ya harusi mama Enesi alimwita mkwe wake jikoni akamwambia, "Wewe umesoma, mimi sikusoma, sitakufundisha kupika wala kulima, tunza hili moja tu, na mimi nitakutunzia mengine yote." Marehemu alikubali, na mama Enesi naye alitimiza, kwani watoto wote watatu walilelewa kwake kila mama yao alipokaa kambini wiki tatu au nne, na bila hivyo leo tusingekuwa na mhandisi wa kumzika, tungekuwa na mama aliyeacha kazi kama wengine wengi walivyoacha.

Mwaka 1996 kampuni ilipewa daraja la kujenga huko bondeni Momba, na marehemu akakaa kambini miezi saba, mwanamke peke yake kati ya wanaume sitini, choo cha kwake akajijengea mwenyewe kwa mabati wiki ya kwanza, na fundi mmoja aliyecheka aliambiwa, "Cheka, ila usiingie." Msingi ulipoanza kuchimbwa alifika mfugaji mmoja wa Kisukuma, mzee Nkwabi, akawasimamia juu ya shimo akiwa ameegemea fimbo, akamwita marehemu mama kwa Kisukuma, akasema, "Mayu, hapa mnapochimba ng'ombe wangu walizama hadi shingoni mwaka ule wa mvua." Wahandisi wanaume walimwambia aondoe ng'ombe saiti. Marehemu alimfuata, wakatembea kutwa nzima, mzee akamwonyesha alama za maji kwenye miti, yeye akazipima moja baada ya nyingine, akarudi akachora upya, akainua daraja kwa mita moja na robo na kuongeza tundu la tatu la maji, akagombana na kila mtu mpaka michoro ikapita. Zilipokuja zile mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka 1997, makalavati mengi ya bondeni yalikwenda na maji, daraja lile lilibaki, na linapitika hadi leo.

Sasa, wahandisi wana chama chao cha kitaaluma, na aliyehitimu hawi mwanachama kamili mpaka aonyeshe kitabu cha kazi alizofanya, kilichosainiwa na msimamizi wake, apate wadhamini wawili, na ahojiwe na kamati, na asiyekuwa mwanachama kamili hawezi kusaini michoro yake mwenyewe. Marehemu aliomba mwaka 1998. Msimamizi wake, ambaye jina lake hatutalitaja kwa kuwa naye ametangulia, alikuwa ameandika kwenye ukurasa wa daraja la Momba kwamba Nesta alisaidia kupima, na kwa vijana wawili waliofika kambini mwezi wa mwisho aliandika kwamba walisanifu. Marehemu alipomuuliza, alijibiwa, "Dada, wewe una mume, hao wanaanza maisha." Ombi likarudishwa. Hakulia, au kama alilia hakuna aliyemwona, alianza kitabu kipya, na miaka miwili iliyofuata hakuruhusu ukurasa upite siku tatu bila kusainiwa.

Tarehe 19 Juni 2001 aliitwa kwenye usaili mjini Mbeya, saa nne asubuhi, akiwa na kitabu kimekamilika na wadhamini wawili. Alipofungua mlango aliona wajumbe watatu, wawili asiowafahamu, na katikati, kwenye kiti cha mwenyekiti, ameketi mhandisi Watson Mbonile, mdogo wake mzee Aliko, yaani naye baba mkwe wake.

Yaliyotokea hapo tumeyapata kwa pande zote mbili. Marehemu alirudi nyuma, akafunga mlango, akasimama kwenye korido akiamini kwamba mzee atatoka au atamtuma mtu. Mzee naye alibaki kitini akiamini kwamba mkwe wake atatuma neno kuomba kamati nyingine. Kila mmoja alimsubiri mwenzake kwa heshima, na heshima ile ikawa ndiyo kosa, kwa sababu wale wajumbe wawili, mmoja mtu wa Kagera na mwingine wa Tanga, hawakujua lolote, walichoona ni mwombaji aliyeingia akakimbia. Walimwita tena. Akaingia, akasimama pembeni, akageukia dirisha, akajibu maswali yote huku akitazama nje, kwa sauti ya chini, na alipoulizwa ni nani alikagua barabara ya Ileje mwaka 1989 alinyamaza, kwa kuwa aliyekagua ni mzee Watson mwenyewe, na jina hilo hakuweza kulitamka. Mjumbe mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Huyu dada mgonjwa?" Mwenyekiti alisikia, akaendelea kutazama karatasi zake. Wiki sita baadaye barua ilikuja, ikisema mwombaji anaifahamu kazi lakini hana ujasiri wa kuitetea mbele ya wahandisi wenzake, na asiombe tena mpaka ipite miaka mitatu.

Mwalimu Ipyana alitaka kwenda kwa baba yake mdogo siku ile ile, marehemu akamzuia. Alimwambia mama Enesi, ambaye alijibu, "Mama Tumaini, umefanya vizuri, hakuna baba mkwe wa ofisini na baba mkwe wa nyumbani." Marehemu hakubishana. Alijua akivunja lile alilokubali jikoni, si cheti tu kitakachobadilika, ni nyumba ya watoto wake pia, na Wilbard alikuwa na miaka mitatu, na Jumatatu alitakiwa awe kambini. Aliomba ahojiwe kanda nyingine, akajibiwa kwamba kila mtu anahojiwa kwenye kanda yake. Miaka mitatu ikapita, mwenyekiti akawa bado ni yule yule, marehemu hakuomba.

Katika miaka hiyo michoro yake ilisainiwa na kijana Josephat, aliyemfundisha mwenyewe kusoma vipimo vya udongo, na Josephat, ambaye yupo hapa, anasema kila alipotia saini alikuwa akiomba radhi, na kila alipoomba radhi aliambiwa, "Saini, baba, zege haisubiri." Mwaka 2005 chama kilifanya hafla ya chakula cha jioni mjini Mbeya kulipongeza daraja la Momba kwa kudumu, mkurugenzi wa kampuni akaitwa mbele akapewa ngao, na marehemu, aliyealikwa na kampuni, alielekezwa na mwenyeji mmoja akae meza ya wake wa wahandisi, akapewa kitenge kama wao. Alikipokea. Alikileta Mbebe, akakishona pazia la jikoni kwa mama mkwe.

Mama Enesi aliuliza pazia limetoka wapi. Akaambiwa, ni zawadi waliyopewa wake wa wahandisi kwenye sherehe ya daraja. Mama aliendelea kupepeta mchele, kisha akauliza, "Na wewe ni mke wa mhandisi yupi? Ipyana si mwalimu?" Marehemu akasema ndiyo, ni mwalimu. "Daraja ni la nani?" Akasema ni lake. "Watu wanajua?" Akasema, "Nkwabi anajua." Mama Enesi aliweka ungo chini, na sisi tuliokuwepo jikoni siku hiyo tulijua kuna mtu atapata taabu.

Jumamosi iliyofuata mama Enesi, akiwa na miaka sabini na minne, alipanda pikipiki kwa mara ya kwanza maishani, akaenda Itumba kwa shemeji yake Watson, hakukubali kuingia ndani, akasimama uani. Alisema, "Shemeji, ulimkalisha mkwe wako mtihani ukitegemea akutazame?" Mzee akamkaribisha kiti. "Sikukujia kiti. Ulijua au hukujua?" Mzee akasema, "Nilijua." "Ukanyamaza kwa nini?" Mzee akasema, "Niliona aibu, mama. Wale wenzangu wangesema mhandisi mzima bado niko kwenye mambo ya kijijini." Mama Enesi akamwambia, "Kwa hiyo yeye akaibeba aibu yako miaka minne, na mimi nikamsifu." Mzee alisema atatoa ng'ombe, kama wazee wanavyofanya wakitaka kulegeza mwiko huo, ili mkwe aweze kusema naye. Jibu la mama Enesi bado linasimuliwa Itumba, "Ng'ombe tutakula, lakini karatasi utaandika."

Mzee Watson yupo hapa, na ameridhia tuyasome haya, tena yeye ndiye aliyesema yasirukwe. Ng'ombe alichinjwa Novemba 2005. Karatasi ilichelewa, haikuwa rahisi, kwa kuwa mzee alikuwa amependekezwa kupewa heshima ya juu ya chama, na mtu hapendi kuandika kosa lake mwaka anaosubiri kuheshimiwa, lakini tarehe 3 Aprili 2007 aliandika kwamba usaili wa mwaka 2001 haukuwa halali, kwamba mwombaji alikuwa mkwe wake, kwamba mwenyekiti alijua na akanyamaza, na kwamba ilichokiona kamati kuwa woga kilikuwa adabu. Alijiuzulu uenyekiti. Heshima ile hakupewa.

Marehemu alihojiwa upya tarehe 26 Agosti 2008, na kwa mara ya kwanza katika kanda hii mjumbe mmoja wa kamati alikuwa mwanamke. Alihojiwa saa mbili na nusu. Tarehe 12 Februari 2009, miaka ishirini na mmoja baada ya kuhitimu, alipata barua ya uanachama kamili, akaisoma kwenye kibaraza cha posta Tunduma, akaikunja, akaenda kununua misumari aliyokuwa ametumwa.

Baada ya hapo aliwadhamini vijana tisa, watano wao wasichana, na hakusaini kazi ambayo hajaiona. Binti mmoja, Shani, aliyekuwa akijenga njia za maji kwenye machimbo madogo huko Galula, alimwambia kwa simu, "Mama, saini tu, ni mbali na barabara ni ya pikipiki," akajibiwa, "Kama wewe umefika na mimi nitafika, andaa chai." Alifika, akakuta mteremko umekosewa, akamwambia arekebishe, akarudi tena baada ya mwezi, ndipo akasaini. Ndani ya chama aliomba kila mwaka mambo mawili, kwamba kila kanda iwe na mwanamke kwenye kamati ya usaili, na kwamba msimamizi anayeandika kazi ya mtu aieleze kwa vipimo. La kwanza lilikubaliwa mwaka 2012, la pili, kwa taarifa tulizonazo, bado linajadiliwa.

Mwezi Mei 2013 marehemu aligundulika kuwa na kansa ya shingo ya kizazi. Alitibiwa Hospitali ya Rufaa Mbeya, akapelekwa Ocean Road, Dar es Salaam, mara tatu, akarudi kazini katikati ya matibabu ingawa tulimkataza, na Julai 2014 madaktari wakatueleza ukweli wote, naye akawashukuru kwa kutomzungusha. Mzee Watson alikuja Tunduma kumwona, akakaa kiti cha pembeni ya kitanda, wakazungumza habari za barabara ya Ileje mchana mzima, wakitazamana. Alifariki nyumbani kwake Tunduma siku ya Alhamisi, tarehe 9 Oktoba 2014, saa tatu asubuhi, mama Enesi akiwa amemshika mkono. Ameacha mume, watoto watatu, mama mkwe na ndugu watano.

Kabla ya shukrani kuna jambo moja la ratiba. Chama cha wahandisi kimeomba kwamba, kama inavyofanyika kwa mwanachama kamili, wahandisi wenzake ndio wafukie kaburi baada ya ukoo kuweka udongo. Wazee walikubali, ila wakasema wanawake waweke udongo kwa mkono tu, kwani hapa mwanamke hashiki koleo kaburini. Mzee Watson alisema jana mchana katika kikao kwamba kama wahandisi wanawake watatengwa pale kaburini, basi marehemu atakuwa amekalishwa tena meza isiyo yake, naye hatanyamaza mara ya pili. Mama Enesi naye akasema kutoka upande wa wanawake, "Wapeni koleo, hao kuchimba ni kazi yao, ninyi mnachimba mkifiwa tu." Watu walicheka, na likapita. Kwa hiyo mtakapoitwa, Shani na wenzako, koleo ziko kwa Wilbard, mfukie kama mlivyofundishwa, mshindilie vizuri, huku kwetu mvua ziko karibu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mbeya na wa Ocean Road, majirani wa Tunduma waliotupikia wiki nzima bila kuombwa, kampuni iliyotoa gari, mafundi aliofanya nao kazi, walimu wanaofundisha na Mwalimu Ipyana, wachungaji, chama cha wahandisi, na mzee Nkwabi, ambaye ametoka Momba akapita juu ya daraja kuja hapa.

Mhandisi Nesta, kazi yako imekaguliwa na imepita, sasa pumzika, mama, kwa amani.